Torres wa Almería, fundi aliyebana kwa vidole

Antonio de Torres Jurado alifariki tarehe 19 Novemba 1892, na mpaka leo hakuna fundi wa gitaa la nyuzi laini anayefanya kazi bila kumkopa kitu, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Ukubwa wa kiwiliwili cha gitaa tunachokiona leo, nyuzi za urefu wa sentimita 65, uso uliotuna kidogo badala ya kulala kama meza, na mataruma saba yaliyotandazwa chini ya uso huo mfano wa kipepeo cha mkono: yeye ndiye aliyevikusanya vitu hivi na kuvilinganisha mpaka vikasemezana. Taruma ni neno letu la majahazini na nimelichagua makusudi. Aliyewahi kuchungulia ndani ya jahazi linalojengwa ataelewa gitaa upesi kuliko mtu wa bara.

Namwandika kwa sababu ya swali nililoulizwa huku Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ambako kazi imeniweka kwa muda. Mpwa wangu yuko huku pia. Amesomea useremala na amepata kibarua kwenye karakana ya samani, ya vitanda, makabati na milango ya saiprasi. Mchana anatengeneza vitanda vya watu, usiku anachonga gitaa lake la kwanza. Amejiwekea akiba ya miezi mingi, akaniuliza mimi mjomba wake, nisiyejua hata kupigilia msumari ukanyooka, anunue klampu gani. Aliona picha za karakana za Ulaya, ukuta mzima umetundikwa klampu za kila aina, akaingiwa na imani kwamba bila ukuta ule hakuna gitaa.

Nyuma ya swali hilo kuna jambo jingine, nalo linanihusu. Marehemu baba yangu, babu yake huyu kijana, aliacha ud. Miaka mitatu iliyopita, kwa joto na unyevu wa Mombasa, briji yake ilianza kunyanyuka, ile mbao ndogo inayoshika nyuzi usoni. Tukampelekea fundi mmoja, jina lake libaki kwake. Akamimina gundi nyeupe, akatia klampu ya chuma yenye umbo la herufi G, akakaza kama anayebana chasisi ya lori. Uso wa ud ni mbao nyembamba, hauzidi milimita mbili. Ulipasuka kufuata nyuzi za mbao, ufa wa urefu wa shibiri moja. Tangu siku hiyo ud limelala ndani ya kanga ya mama, na mpwa wangu amepanda nalo hadi Nyeri akisema atalitengeneza mwenyewe. Akikosea tena hakuna uso mwingine wa kupasua. (Najua wapo wanaoona ala zote za nyuzi ni haramu. Mjadala huo ni wa wenye elimu yake, na leo sikuuleta hapa.)

Basi nikaanza kumsoma Torres.

Alizaliwa tarehe 13 Juni 1817 katika kitongoji cha La Cañada de San Urbano, pembeni mwa mji wa Almería, kusini mwa Uhispania. Mji wenyewe si mgeni kwetu kama unavyosikika. Ulianzishwa mwaka 955 na Khalifa Abdulrahman wa Tatu wa Andalusia, jina lake la Kiarabu ni al-Mariyya, na ngome iliyojengwa wakati huo bado imesimama juu ya kilima ikitazama bahari. Ud ilikuwa ikipigwa Andalusia tangu enzi za Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Baghdad akafika Cordoba katika karne ya 9. Torres alikuwa Mkristo wa karne ya 19 na sidhani aliwaza lolote kuhusu Ziryab. Lakini mimi mtu wa pwani siwezi kusoma jina la Almería nikapita hivi hivi.

Baba yake alikuwa mkusanya kodi. Alipofika umri wa miaka 12, kijana aliwekwa kwa seremala ajifunze kazi. Mwaka 1833 vita vya kugombea ufalme vikazuka Uhispania, na akiwa na miaka 16 tu akaandikishwa jeshini. Baba yake alihangaika mpaka akarudishwa kama mtu asiyefaa kwa afya. Hatari ilikuwa haijaisha, kwa kuwa waliochukuliwa walikuwa makapera na wajane wasio na watoto, hivyo mwaka 1835 akaozwa haraka haraka. Bibi arusi, Juana María López, binti wa mwenye duka, alikuwa na umri wa miaka 13. Kwetu leo hiyo ni kesi ya mahakama. Wakati ule ilikuwa njia ya kuokoa maisha ya mtoto wa kiume, na gharama yake aliilipa mtoto wa kike.

Walipata mabinti watatu, wawili wakafa wachanga. Mwaka 1845 Juana mwenyewe akafa kwa kifua kikuu, umri wake miaka 23. Torres alibaki na mtoto mmoja, deni na zana za useremala. Akahama kwenda Seville kutafuta riziki.

Ni huko Seville ambako seremala aligeuka mtengeneza gitaa. Husimuliwa kwamba Julián Arcas, mpiga gitaa mashuhuri wa wakati huo na mtu wa mkoa wake wa Almería, ndiye aliyemshauri aifanye kazi hiyo kwa dhati. Mwaka 1856 alitoa gitaa lililokuja kuitwa La Leona, yaani Simba Jike, ambalo Arcas alilipiga. Mwaka 1858 alipata medali ya shaba katika maonyesho ya Seville. Alikuwa na miaka 41. Nawasisitizia umri huo vijana wanaodhani wamechelewa wakiwa na 25, na nausisitiza kwa nafsi yangu pia.

Mwaka 1862 akafanya jambo ambalo wengi walidhani ni mzaha. Alijenga gitaa ambalo mbavu na mgongo wake ni karatasi iliyogandishwa, kama boksi. Uso peke yake ndio uliokuwa mbao nzuri, uliopigwa randa kwa uangalifu na kuwekewa mataruma. Alitaka kuthibitisha kwamba sauti ya gitaa inakaa usoni. Gitaa hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona. Nilipomweleza mpwa wangu kisa hiki alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba katika orodha yake ya kununua, klampu zote zilikuwa za mbavu na mgongo, na hakuna hata moja aliyoifikiria kwa ajili ya uso.

Uso ndio unaotaka klampu ichaguliwe kwa akili. Uso wa gitaa una unene wa milimita mbili na nusu hivi, na Torres alithubutu kushuka chini ya milimita mbili sehemu za pembeni. Klampu ya chuma ya karakana ya vitanda inaweza kusukuma kwa uzito wa mamia ya kilo. Ukiikaza pale, kwanza inaacha alama. Pili inaikamua gundi yote nje, na kiungo kinabaki kikavu ndani ingawa kwa nje kinaonekana kimeshikana. Tatu, uzito wa chuma chenyewe unaning'inia upande mmoja na kupinda kazi kabla gundi haijakauka. Kiungo kizuri hufanywa na randa. Mbao mbili zikilaliana sawasawa bila mwanga kupita katikati, zinahitaji kushikwa tu. Zisipolaliana, klampu itazilazimisha leo, na siku moja nyuzi zitakumbuka. Nyuzi laini za gitaa zinavuta kwa jumla ya kilo 40 hivi mchana na usiku, na za chuma zinakaribia mara mbili yake.

Sasa Torres alibana kwa nini? Klampu za skrubu zilikuwepo zama zake. Lakini ukitazama ndani ya magitaa ya Kihispania ya mtindo wake unakuta kitu kinachomstaajabisha seremala. Pale uso unapokutana na mbavu pamepangwa vipande vidogo vidogo vya mbao vyenye umbo la pembetatu, kimoja kimoja, kuzunguka kiwiliwili chote. Idadi yake hufika mia na zaidi. Gitaa hulazwa kifudifudi juu ya ubao uliochongwa shimo la kina kidogo mfano wa sahani, ndiyo maana uso unatuna. Mbavu huchomekwa kwenye mifuo iliyokatwa katika kisigino cha shingo, kisha fundi huchovya kila kipande katika gundi ya moto, hukibandika pembeni, hukisugua kidogo na kukishikilia kwa kidole mpaka kishike. Anahesabu, anahema, anachukua kingine. Klampu yake ni dole gumba.

Hili liliwezekana kwa sababu ya gundi yenyewe. Ilikuwa gundi ya ngozi za wanyama, iliyolowekwa kisha ikapashwa moto wa taratibu wa kama nyuzi 60, bila kuchemka. Ikipoa huganda kama jeli kwa muda mfupi, hiyo ndiyo shika ya kwanza. Halafu maji yakitoka hujikunja na kuvutia mbao mbili pamoja, kana kwamba ina klampu ndani yake. Gundi nyeupe ya duka haifanyi hivyo. Hiyo inataka kubanwa muda wote hadi ikauke, na ikishakauka bado huwa laini laini, hivyo chini ya mvuto wa nyuzi na joto la pwani huanza kuteleza polepole. Naamini ndivyo briji ya ud letu ingenyanyuka tena hata kama uso usingepasuka.

Kwa mgongo wa gitaa mambo ni tofauti, maana mkono hauwezi kushika duara lote kwa pamoja. Mafundi wa jadi hiyo walizungusha kamba ndefu kuanzia shingoni hadi matakoni mwa gitaa, wakavuka na kurudi, kisha wakachomeka kabari za mbao chini ya kamba palipolegea. Fundi wa Gatitu anafanya vivyo hivyo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli anapounganisha miguu ya kiti, bila kusoma habari za Seville. Nilipowaambia pale karakanani kwamba njia yao ya tyubu ni jamaa ya karibu wa kamba za Wahispania, walicheka, na mzee wao akaniuliza kama Wahispania nao walikuwa na mzigo wa mteja anayetaka kitanda leo leo.

Ushauri wangu kwa mpwa ulitokana na hayo, na ulikuwa mfupi kuliko alivyotarajia. Klampu za chuma anunue mbili tu, zenye shingo ndefu ya kuingia kwenye tundu la gitaa na kufika kwenye briji. Zile nyepesi za mbao, zenye ulimi unaozungushwa kwa kidole na midomo iliyobandikwa koki, azichonge mwenyewe. Seremala anayetengeneza kabati hawezi kushindwa na kitu kile. Vibanio vya kuanikia nguo, viongezwe nguvu kwa mpira, vinatosha kwa kazi ya pembeni. Na kwa mataruma ajenge kisanduku kisicho na kuta, sakafu chini na dari juu, kisha apinde fito kati ya dari na kazi. Kila ufito unasukuma chini kwa nguvu ile ile, unaweza kuwekwa katikati ya uso ambako hakuna klampu inayofika, na hauna uzito. Mafundi wa piano na wa Japani wametumia njia hiyo tangu zamani. Mianzi si shida huku, milima ya Nyandarua imejaa. Tulipima ufito mmoja juu ya mizani ya dukani ukasukuma kilo nne hivi. Ukilinganisha na ile klampu iliyopasua ud, ni kama kulinganisha kiganja na nyundo.

Ud ndilo lililofanya fito ziwe lazima. Tundu la gitaa liko wazi na mkono unapita. Matundu ya ud yamezibwa kwa nakshi, na mgongo wake ni mviringo kama bakuli, hivyo klampu haina pa kuingilia wala pa kusimama. Mpwa wangu ametengeneza mto wa mchanga wa kulilaza. Ufa ameshaulisha gundi ya moto kwa kidole, akausugua mpaka ukafunga, akauacha siku mbili. Briji ndiyo iliyobaki. Tatizo lake sasa ni baridi. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na mwezi wa Julai gundi ya ngozi inaganda kabla hata hujafikisha mbao mahali pake, ilhali gundi nyeupe ikipata baridi ya chini ya nyuzi 10 hugeuka unga kama chokaa. Kwa hiyo anapasha briji karibu na jiko kwanza, na amefanya mazoezi mara saba bila gundi, akihesabu sekunde kutoka jikoni hadi kwenye fito. Mara ya nane itakuwa na gundi, inshallah. Dada yangu hupiga simu kila jioni kuuliza habari za ud kabla ya kuuliza habari za mwanawe.

Turudi Seville. Mwaka 1869 alifika kijana wa miaka 17 kutafuta gitaa, jina lake Francisco Tárrega. Husimuliwa kwamba Torres alimtolea gitaa la kawaida lililokuwepo, kijana akapiga, na mzee aliposikia mkono ule akaingia ndani akatoka na jingine alilolitengeneza mwaka 1864 na kulihifadhi. Tárrega akawa mpigaji na mtunzi aliyebadilisha muziki wa gitaa, na sauti ya Torres ikasafiri ndani ya mikono yake.

Utadhani baada ya hapo maisha yalimnyookea. Hapana. Mwaka 1868 alikuwa ameoa tena, mke wake Josefa Martín Rosado, na muda mfupi baadaye akafunga karakana, akarudi Almería kufungua duka la vyombo vya kaure na vioo. Fundi bora wa gitaa duniani alikuwa akiuza sahani! Wanaomwandika hulipita jambo hili kama aibu ndogo. Mimi naliona ndilo jambo la kweli kuliko yote katika habari zake, kwa sababu nawajua mafundi wetu wa nakshi za milango waliofanya hivyo hivyo, wakaishia kuuza maji baridi stendi.

Alirudi kwenye gitaa mwaka 1875, akiandika kwenye lebo kwamba hii ni awamu yake ya pili. Mwanzoni ilikuwa kazi ya saa za ziada, dukani kukitulia. Josefa alipofariki mwaka 1883 aliongeza kasi, akawa anatoa kama magitaa 12 kwa mwaka, yeye akiwa na zaidi ya miaka 65. Wanaomtafiti wanakadiria alitengeneza zaidi ya magitaa 300 maishani, na yanayojulikana yalipo leo ni sehemu ndogo ya hayo.

Miaka yake ya mwisho alikuwa na rafiki, padri wa Almería aitwaye Juan Martínez Sirvent, ambaye alikuja kuandika kumbukumbu zake mwaka 1931. Kwa maelezo ya padri huyo, Torres aliwahi kuombwa asiondoke duniani na siri yake. Akajibu kwamba hata angetaka kuiacha asingeweza, kwa kuwa iko kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada, ambavyo ndivyo vinavyomwambia kama uso umefikia unene unaostahili. Wengine wameligeuza jibu hilo kuwa fumbo la kichawi. Kwangu ni maelezo ya kazi tu, ya mtu aliyetumia vidole vile vile kupima, kubandika na kubana.

Hakuacha mtoto wa kiume wala mwanafunzi wa kuendeleza karakana. Walioendeleza ni watu waliofungua magitaa yake na kuyatazama. Manuel Ramírez wa Madrid alifuata vipimo vyake, na gitaa lililotoka katika karakana yake mwaka 1912 ndilo alilolipiga Andrés Segovia kwa miaka mingi. Leo liko kwenye jumba la makumbusho New York. Enrique García wa Barcelona alifanya vivyo hivyo.

Na waliweza kuyafungua kwa sababu ya gundi ile. Gundi ya ngozi hukubali kuachia. Fundi anayelikarabati gitaa la Torres hupasha kisu chembamba, hutia unyevu kidogo kwenye mshono, hungoja, na mgongo huanza kufunguka taratibu bila kuvunja kitu. Ndani yake vile vipande vidogo bado vimejipanga, vya mbele ya mkono vimenyooka, na vile vya pembe za mbali, ambako kidole hufika kwa shida, vimekaa upande kidogo.